Suluhu na Mabaraza Yetu ya Kata

Bwana Mhariri,

Wanavyuoni waliokusanya majaribio 10 ya Australia, Uingereza na Marekani mwaka 2013 walibaini ya kuwa mhalifu akikutanishwa na mdhulumiwa wake, kwa ridhaa ya wote wawili, hupunguza kurejea makosani, hasa aliyedhuru mwili kuliko aliyeiba mali. Nasi barazani tumezoea kusuluhisha habari za mbuzi aliyekula mihogo tu! Sungusungu, walinzi wa jadi wa Unyamwezi, miaka ya 1980 walirejesha ng'ombe walioibwa, lakini pia waliwatesa vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na hapo ridhaa haikuwapo. Basi Mabaraza ya Kata, yaliyoundwa kwa sheria ya 1985, yaandike daftarini nani aliyesuluhishwa, na kama alirudia.

Wako mtiifu,
Msomaji, Kitete, Tabora