Kupukutika, Kumeguka, Kutemwa: Maoni Kuhusu Istilahi za Utando wa Seli

1.0 Utangulizi

Makala haya mafupi yanakusudia kutetea hoja moja: kwamba uteuzi wa kitenzi katika istilahi za sayansi si pambo la lugha, bali ni sehemu ya sayansi yenyewe. Mfano tunaoutumia ni namna seli za kawaida na seli za saratani zinavyopoteza vitu vilivyomo katika utando wake wa nje.

Suala hili tulilazimika kulitafakari kutokana na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kufasiri maelezo ya kipimo cha damu kwa ajili ya wagonjwa. Tuliandika kwamba seli za saratani "hutupa taka katika damu". Mama mmoja aliposomewa sentensi hiyo alimshukuru Mungu, akauliza: "Kwa hiyo, mwalimu, mwili umeanza kujisafisha?" Kiwango kilichopanda, ambacho kilipaswa kumtahadharisha, kwake kiligeuka habari njema. Kosa halikuwa lake.

2.0 Taka au Ujumbe?

Haki itendeke: wanasayansi nao waliwahi kuteleza papo hapo. Mwaka 1967 Peter Wolf alieleza vipande vidogo vitokavyo katika chembe za kugandisha damu, akaviita vumbi. Mwaka 1983 ilionyeshwa kwamba seli changa nyekundu za damu, zinapokomaa, huondoa vipokezi vya transferini kwa kuvifungasha katika vifuko vidogo mno, na mwaka 1987 Rose Johnstone na wenzake walitumia jina la eksosomu kwa vifuko hivyo. Kwa kuwa seli ilikuwa ikiachana na kitu isichokihitaji tena, wengi waliona kuwa hapo pana jalala tu. Lakini mwaka 1996 ilibainika kwamba vifuko vitokavyo katika seli za kinga vinaweza kuamsha seli nyingine za kinga, na mwaka 2007 kwamba eksosomu hubeba RNA kutoka seli moja hadi nyingine. Neno "taka" lilikuwa limewafumba macho.

3.0 Vitenzi Vitatu

Aghalabu wafasiri hutumia kitenzi "kutoa" kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Kiswahili kina akiba ya kuyatenganisha.

Kwanza, protini iliyochomoza nje ya utando hukatwa na kimeng'enya karibu na utando huo. Sehemu ya juu huanguka na kisiki hubaki. Jani likianguka, tawi hubaki. Kwa hiyo tunapendekeza kupukutika. Seli nyeupe za damu za kawaida hupukutisha L-selektini zinapoamshwa. Baadhi ya seli za saratani hupukutisha MICA, protini ambayo ingezifichua kwa seli za kinga. Tena, katika baadhi ya saratani za matiti, kisiki cha HER2 kinaweza kuendelea kuichochea seli igawanyike. Anayesema "hutoa HER2" amekificha kisiki hicho.

Pili, utando wenyewe huvimba kuelekea nje, kisha kipande chake hukatika pamoja na sehemu ya uowevu wa ndani. Huku ni kumeguka, kama tonge limegukavyo. Vipande hivi huwa na kipenyo cha takribani nanometa 100 hadi 1,000.

Tatu, eksosomu, zenye takribani nanometa 30 hadi 150, huundwa ndani ya kifuko kikubwa kilichomo katika seli. Kifuko hicho huungana na utando wa nje na kuzimwaga. Hizi hutemwa.

Wapo watakaodai kwamba ingetosha kukopa. Hatupingi kukopa nomino, mathalani eksosomu na antijeni. Lakini kitenzi cha Kiswahili huja na viambishi vyake: protini hupukutika, seli huipukutisha, na protini hupukutishwa na kimeng'enya. Swali la nani mtenda, ambalo ni swali la maabara, hujibiwa na mnyambuliko.

4.0 Hitimisho

Tofauti kati ya seli ya kawaida na ya saratani haimo katika kitenzi. Imo katika kiasi na aina ya kinachopukutika. Chukua antijeni CA-125, ambayo kingamwili ya kuitambua ilielezwa na Robert Bast na wenzake mwaka 1981. Kikomo kinachotumiwa sana ni yuniti 35 kwa mililita, lakini kiwango huweza kupanda pia wakati wa hedhi, katika ujauzito, au kifua kikuu kinaposhambulia utando wa tumbo. Kwa hiyo kuiita "taka ya saratani" ni kukosea mara mbili: si taka, wala si ya saratani pekee.

Leo tungemwandikia mama yule hivi: "Seli za kawaida na za saratani zote huweza kupukutisha protini hii, kiasi chake kikizidi, daktari hana budi kutafuta sababu." Wenye maneno bora kuliko haya matatu na wayalete, ili wataalamu wa tiba na BAKITA wayapime. Lakini yasipimwe mezani petu tu. Asomewe kwanza yule ambaye damu ni yake, aulizwe ameelewa nini.