Mkataba wa nyanya: nani kashika mzani?

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, hahitaji mtu wa ofisini aje kumweleza maana ya hasara. Msimu ukikubali, nyanya hujaa kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, kwenye matenga na visado, zikibembeleza mnunuzi, na zisizopata mnunuzi humwagwa. Ndiyo maana anapokuja bwana wa kiwanda na karatasi mkononi, akaahidi mbegu, mbolea, dawa na bei ya kujulikana kabla ya kupanda, mkulima hutia sahihi haraka. Nani atamlaumu?

Sisi hatupingi kilimo cha mkataba. Nyanya haiwekwi ghalani kama mahindi, na kiwanda cha jirani ni neema. Tunachohoji ni hiyo karatasi.

Tuanze na mzani. Kiwanda hununua kwa kilo, shambani watu huhesabu matenga, na kila anayejua rumbesa anajua kwamba tenga si kipimo. Tena kiwanda hakitazami uzito peke yake. Zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji, na kilo 1 ya rojo zito hutokana na kilo 5 hadi 6 za nyanya. Kwa hiyo pale getini hupimwa pia wingi wa maji, kwa kakifaa kadogo ka mkononi, na mzigo waweza kukatwa bei au kurudishwa. Kurudishwa wapi, ndugu msomaji? Nyanya iliyoiva, ikalipiwa lori, hairudi shambani ikasubiri. Na mara nyingi mwenye nyanya hayupo getini. Yupo dereva, anayerudi na kikaratasi.

Halafu kuna kantangaze. Mdudu huyu aliingia nchini mwaka 2014 na anaweza kumaliza shamba zima. Mkopo wa pembejeo haumjui kantangaze. Usipoandikwa vinginevyo, deni linabaki palepale. Kiwanda kikikosa nyanya kinaweza kuagiza rojo la mapipa kutoka ng'ambo, na China ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani. Mkulima naye ataagiza nini?

Tuseme kweli pande zote. Wapo wakulima wanaopokea mbegu na mbolea ya kiwanda, kisha bei ya Dar es Salaam ikipanda wanapakia fuso la mchuuzi usiku usiku. Huo ni wizi, tusiurembe. Lakini kiwanda kikiibiwa kina wakili. Mlalahoi akidhulumiwa, nauli za kufuata kesi mjini zaweza kupita thamani ya nyanya zilizooza.

Wakubwa wako wapi? Tumbaku, pamba na kahawa zina bodi zake. Nyanya haina bodi. Imeachiwa Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo kwa sehemu kubwa inafuata sheria ya India ya mwaka 1872, na ambayo inamchukua mwenye eka moja na mwenye kiwanda kama watu wawili walioketi meza moja wakakubaliana kwa hiari. Meza gani hiyo? Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, mkulima akabaki peke yake. Sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Leo kijiji chenye ushirika hai kinaweza kutia sahihi kwa pamoja, na hapo bwana wa kiwanda atasikiliza zaidi kidogo.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Mkataba wa nyanya ulioandikwa Kiingereza hauna kisingizio tena. Uandikwe Kiswahili, nakala ibaki kwa mkulima, useme mzigo ukikataliwa nani anaamua na nani analipa lori, useme deni linakuwaje shamba likiliwa na wadudu, na utaje siku ya malipo. Kamati ya kijiji iwe na mtu wake getini siku zote za kupokea mzigo.

Hayo ya karatasi yatachukua muda, kwa kuwa wakubwa hupenda semina. Kukagua mzani hakuhitaji semina. Wakala wa Vipimo wafike getini mwa kila kiwanda kabla ya mavuno, waupime mzani huo mbele ya wakulima wenyewe, si ofisini kwa meneja.