UNYOYA WA KUKU NI MALI, LAKINI TUHESABU KWANZA



Jumamosi ijayo tuna mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi. Jambo la nne kwenye orodha ni maombi ya kikundi cha akina mama na vijana. Wanaomba mkopo kutoka mfuko wa pamba ili wanunue ndoana na nyuzi, waanze kazi ya kufunga nzi wa bandia wa kuvulia samaki. Maneno yamekuwa mengi kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Wengine wanacheka, eti akina mama wanataka kuwauzia Wazungu nzi, kana kwamba nzi wamekwisha huko kwao. Wengine wanasema tutatajirika mwaka huu huu. Sisi wa ofisi ya tawi tunaona pande zote mbili zinasema kabla ya kujua. Ndiyo maana tumeandika hapa ubaoni, kila mtu asome, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Kitu chenyewe ni nini? Ni ndoana ndogo, nyingine haizidi ukucha wa kidole kidogo, iliyozungushiwa uzi na unyoya mpaka samaki adhani ni mdudu. Samaki anayetafutwa anaitwa trauti. Anakaa kwenye maji ya baridi yanayokwenda mbio, na chakula chake kikubwa ni wadudu. Ninyi mliowahi kukaa ufukweni mwa ziwa mnawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi mpaka mtu anafunga mdomo. Mdudu wa namna hiyo anapotoka chini kwenda juu, miguu yake inapepea na mabawa hayajafunguka. Hapo ndipo samaki anapomkamata. Mfungaji anaigiza saa ile ile.

Sasa sikilizeni habari ya unyoya, maana ndiyo kiini cha kazi. Unyoya wa shingo ya jogoo ni mgumu, unasimama, kwa hiyo unafaa kwa nzi wa kuelea juu ya maji. Unyoya wa kuku jike, au wa kwale, ni mlaini. Ukiingia majini unalala na kuamka kwa kila msukosuko wa maji, kama kitu chenye uhai. Wavuvi wa kaskazini ya Uingereza, upande wa Yorkshire, walifunga nzi wa unyoya mlaini tangu zamani. Mmoja maarufu, jina lake kwa lugha yetu tungesema Kwale na Chungwa: uzi wa hariri wa rangi ya chungwa na unyoya mmoja wa kwale, basi. Mwaka 1857 bwana mmoja wa Scotland, W. C. Stewart, aliandika kitabu akiwasifu nzi wa namna hii. Mwaka 1975 Mmarekani Sylvester Nemes akaandika kingine juu ya hao hao. Kwa hiyo siyo mtindo wa kupita kama viatu vya mjini.

Namna ya kufunga ni hii. Ndoana inabanwa kwenye jiliwa dogo. Uzi unapakwa nta, unazungushwa kuanzia karibu na tundu la ndoana kwenda nyuma, mzunguko ukigusa mzunguko, kisha unarudi mbele. Huo ndio mwili. Unachukua unyoya mmoja, unaondoa yale manyoya ya vumbi ya chini, unaufunga karibu na tundu na kuuzungusha mara mbili tu. Ukizungusha mara tano umeharibu, maana mdudu hana miguu mia. Unafunga fundo na kukata uzi. Mkono uliozoea humaliza kwa dakika chache. Kazi ngumu iko hapa: wa kumi na mbili lazima afanane na wa kwanza. Mnunuzi akifungua dazani akakuta mmoja mnene na mwingine mwembamba, hanunui tena.

Wapo wanaouliza: mbona tusivulie hapa hapa? Ndugu, trauti kwetu hayupo. Maji ya ziwa letu na ya mito yetu ni ya moto kwake. Kenya waliletewa mayai ya trauti kutoka Scotland mwaka 1905, wakawekwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Na hapa Tanzania Wakoloni waliwapandikiza kwenye mito ya baridi ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za Mbeya. Sangara wetu naye hahangaiki na kadudu kama punje ya ulezi. Kwa hiyo soko liko mbali, ng'ambo, na hili tuliseme wazi tangu mwanzo. Lakini mtu asiseme kwamba kitu tusichokitumia hakitufai. Pamba nayo hatuili, na ndiyo iliyosomesha watoto wa kijiji hiki.

Tuitazame Kenya, maana ni jirani na wametutangulia miaka mingi. Nzi wa bandia waliofungwa Kenya wanajulikana kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani. Mikono ya Kiafrika inaweza kazi hii, hilo halina ubishi. Lakini ulizeni jambo la pili: mfungaji analipwaje? Wengi wanalipwa kwa dazani. Ndoana ni ya mwenye kazi, uzi ni wake, mnunuzi ni wake, na bei anaipanga yeye. Mfungaji anabaki na vidole vyake. Nzi anayefungwa Nairobi anafika duka la ng'ambo akiwa amepita mikono mingi, na kila mkono umekata fungu lake.

Jamani, habari hiyo siyo ngeni kwetu. Wazee wetu wa pamba waliijua kabla ya Uhuru. Walipeleka pamba kwa wanunuzi, mizani ikasema uongo, wakarudi nyumbani na senti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka watu wao wa kuangalia mizani. Kutoka hapo vikakua vyama vya wakulima chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika wa pamba wa kanda ya ziwa, Victoria Federation. Walishinda kwa sababu walikataa kuuza mmoja mmoja. Vyama vikuu vilipofutwa mwaka 1976 tuliona pengo lake, mpaka sheria ya 1982 ikavirudisha. Basi tuliyojifunza kwenye mizani ya pamba tuyatumie kwenye dazani ya manyoya.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: maombi yakubaliwe, lakini kwa masharti manne.

Kwanza, mkopo uwe mdogo na wa majaribio. Watu kumi, miezi mitatu, aina moja tu ya nzi. Ndoana na uzi vinunuliwe na chama, siyo na mtu binafsi.

Pili, kuwe na daftari la hesabu, lisomwe mbele ya watu kila mwezi. Tuchukue mfano, siyo bei ya kweli: ndoana moja shilingi 50, dazani ni 600. Mnunuzi akitoa 1,000 kwa dazani, zinabaki 400, na uzi bado. Aliyefunga dazani tatu kwa siku ana shilingi 1,200 kabla ya kutoa uzi na nta. Je, inamlipa kuliko kupalilia? Kama hailipi, tuseme hailipi, tuache. Sisi tuliojifunza kuandika ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo, tunajua faida ya penseli: inakuonyesha hasara kabla haijafika mfukoni.

Tatu, mtu yeyote asiweke saini na mnunuzi peke yake. Walanguzi watakuja, tena na maneno matamu na soda mkononi. Watamfuata fundi aliye hodari kuliko wote wamwambie aachane na wenzake. Siku hiyo kikundi kimekufa.

Nne, ndege wa porini waachwe. Tumesikia vijana wanataka kutega kwale kwa ajili ya unyoya. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na kesi ya kwale mmoja itakula mfuko mzima. Kuku wetu wanatosha, na kanga wa kufugwa ana madoadoa mazuri. Kila sikukuu tunatupa manyoya jalalani. Yaoshwe kwa sabuni, yakauke vizuri, yatunzwe mahali pasipo nondo, maana manyoya machafu hayataruhusiwa kuingia nchi za watu.

Neno la mwisho tunawaambia wazazi. Vijana wetu wanakwenda machimboni Geita. Wengine wanarudi na kitu, wengine wanarudi na kifua, na wengine tumewazika. Hatusemi unyoya utashinda dhahabu, huo utakuwa uongo. Tunasema kijana akiwa na kazi ya mikono aliyoijua mwenyewe, anaweza kuchagua. Asiye na kazi hachagui, anafuata shimo. Na kazi hii haimtaki mwenye nguvu. Mama mwenye mtoto mgongoni anaiweza, mlemavu wa miguu anaiweza, mzee mwenye miwani anaiweza. Basumba wanalima shamba la mmoja kwa nguvu za wengi, na hii tuifanye vivyo hivyo.

Njooni Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa ghala. Anayepinga aje apinge mbele ya watu, asiishie kisimani. Anayeunga mkono aje na hesabu, siyo makofi tu. Nzi watatu wa mfano watakuwa mezani, kila mmoja awashike na kuwaangalia. Watoto wasiwaguse, ndoana ni kali.



Katibu wa Tawi, kwa niaba ya ofisi