Jino la mtoto huokolewa shuleni kabla ya kufika hospitalini

Msimu wa michezo ya shule unapowadia katika kaunti za Meru na Embu, walimu hukagua jezi, viatu na nyavu za magoli. Ni wachache wanaojiuliza watafanya nini iwapo mwanafunzi atapigwa gongo mdomoni na jino la mbele kung’oka. Jibu la swali hilo ndilo huamua kama kijana huyo atabaki na jino lake au ataishi na pengo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu bilioni moja ulimwenguni wameathiriwa na majeraha ya meno na kinywa. Miongoni mwa watoto wa hadi umri wa miaka 12, kiwango hicho ni takriban asilimia 20.

Katika eneo hili, hatari haziko michezoni pekee. Watoto huanguka kutoka miembeni kule Mbeere na huteleza kwenye miteremko ya Nyambene. Isitoshe, tangu serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka wa 2008, bodaboda zimekuwa usafiri wa kila siku. Si ajabu kuona wanafunzi watatu wamepakiwa kwenye pikipiki moja bila kofia za kinga.

Ikumbukwe kwamba meno ya kudumu ya mbele huota mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka sita na minane. Likipotea, halioti jingine. Wala si rahisi kumpandikizia mtoto jino bandia mfupani, kwa kuwa madaktari husubiri hadi taya likome kukua.

Hata hivyo, jino la kudumu lililong’oka zima linaweza kurudishwa. Mzizi wake una seli hai zinazolishikanisha na mfupa. Jino likikaa pakavu kwa muda wa saa moja, takriban seli hizo zote huwa zimekufa.

Hapa ndipo masafa yanapokuwa adui. Mtoto aliyeumia Mutuati au Ishiara ana safari ndefu kabla ya kufika katika hospitali kuu ya Meru au Embu. Hata gari likipatikana papo hapo, saa hiyo inaweza kuishia njiani.

Kwa hivyo, tiba yafaa ianzie pale pale uwanjani. Kwanza, mwalimu ahakikishe kwamba mtoto hajapoteza fahamu wala kuumia kichwa. Kisha alishike jino kwa sehemu nyeupe, asiguse mzizi. Likiwa na uchafu, alisuuze kidogo kwa maziwa bila kulisugua, alirudishe mahali pake na kumwambia mtoto aumie kitambaa safi ili lisitoke.

Ikishindikana kulirudisha, litiwe ndani ya maziwa baridi, yasiyoganda wala kutiwa sukari. Yakikosekana, mtoto ateme mate kikombeni na jino litiwe humo. Lisifungwe kwa karatasi wala kulazwa ndani ya maji. Meno ya utotoni, kwa upande mwingine, hayarudishwi kamwe, kwani kufanya hivyo huweza kudhuru jino la kudumu lililo chini yake.

Hospitalini, daktari wa meno hulishikiza jino hilo kwa meno jirani kwa waya mwembamba kwa muda wa wiki mbili, na kuchunguza iwapo mtoto anahitaji chanjo ya pepopunda. Jino ambalo mzizi wake umekomaa huhitaji pia kutibiwa ndani katika kipindi hicho.

Jambo la kutia moyo ni kwamba maziwa si bidhaa adimu huku. Meru ni ngome ya ushirika wa wafugaji wa ng’ombe wa maziwa, na vijijini ni nadra kukosa jirani mwenye ng’ombe. Kinachokosekana ni maarifa.

Lakini ni nani atakayeyafikisha maarifa hayo shuleni? Chini ya Katiba ya 2010, hospitali za maeneo haya ni za kaunti, ilhali shule za msingi na za upili zimo mikononi mwa serikali kuu. Somo hili basi linaweza kukosa mwenyewe. Mpango wa EduAfya, uliowapa wanafunzi wa shule za upili za umma bima ya matibabu kuanzia 2018, nao ulikoma mwishoni mwa 2023.

Baadhi ya walimu huenda wakahofia kulaumiwa mambo yakienda mrama. Hofu hiyo inaeleweka, ila kulitia jino ndani ya kikombe cha maziwa hakuhitaji shahada ya udaktari.

Idara za afya za Meru na Embu zinaweza kushauriana na wakurugenzi wa elimu ili kila shule ibandike maagizo haya ukutani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Gharama yake ni karatasi na wino. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili ukuta wenyewe ni jino la bandia ambalo wazazi wengi hawawezi kulimudu.