Tuzo ya Milioni 50 kwa Watafiti: Kipimo cha Majarida Kina Maana Gani kwa Wananchi wa Songwe

Katika mwaka wa fedha 2022/23, Serikali kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitenga shilingi bilioni 1 kwa ajili ya kuwatuza watafiti wa Kitanzania wanaochapisha matokeo ya tafiti zao katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Kiwango kilichotangazwa na Waziri wa Wizara hiyo, Prof. Adolf Mkenda, ni shilingi milioni 50 kwa mtafiti. Katika hatua za mwanzo mkazo uliwekwa kwenye sayansi asilia na hisabati, pamoja na sayansi za afya na tiba.

Fedha hizo ni za umma. Mwananchi wa Tunduma, Vwawa au Mkwajuni ana haki ya kufahamu hadhi ya jarida hupimwa kwa namna gani, na kama kipimo hicho kina uhusiano wowote na shamba lake, afya yake au biashara yake mpakani.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani hutokana na hesabu ya marejeo, yaani idadi ya mara ambazo makala za jarida fulani zimetajwa na watafiti wengine katika kazi zao. Wazo hilo lilipendekezwa mwaka 1955 na Eugene Garfield wa Marekani, na mwaka 1975 taasisi yake ilianza kutoa ripoti za kila mwaka zinazoonesha nafasi ya kila jarida. Ukokotoaji wake ni mwepesi. Iwapo jarida lilichapisha makala 40 katika miaka ya 2022 na 2023, na makala hizo zikarejelewa mara 120 katika mwaka 2024, basi kipimo cha jarida hilo kwa mwaka 2024 ni 3.

Garfield alikusudia kuwasaidia wakutubi kuchagua majarida ya kununua na watafiti kufuatilia maandiko ya fani zao. Kadiri miaka ilivyopita, vyuo na wafadhili katika nchi nyingi walianza kuitumia namba hiyo kumpima mtafiti mwenyewe: nani apandishwe cheo, nani apewe ruzuku, nani atuzwe. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika.

Kwanza, namba hiyo ni wastani wa jarida zima. Makala chache huvuta sehemu kubwa ya marejeo, huku nyingine nyingi katika jarida hilo hilo zikirejelewa mara chache au zisirejelewe kabisa. Pili, fani hazilingani. Jarida la saratani la Marekani, CA: A Cancer Journal for Clinicians, limewahi kupata kipimo kinachozidi 200, ilhali Annals of Mathematics, ambalo ni miongoni mwa majarida yanayoheshimiwa zaidi katika hisabati, hubaki chini ya 10. Hakuna anayeweza kuhitimisha kwamba hisabati ni dhaifu kuliko tiba. Wanahisabati ni wachache, huandika makala chache na hurejeleana taratibu.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika barabara kuu inayotoka Mbeya kwenda Tunduma. Jijini Mbeya kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha München, Ujerumani, katika tafiti za virusi vya UKIMWI na kifua kikuu. Magonjwa hayo yanaigusa moja kwa moja Tunduma, mji wa mpakani ambamo madereva wa malori yanayokwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo husubiri taratibu za kuvuka. Kwa kuwa magonjwa hayo ni tatizo la dunia nzima, tafiti zake husomwa na maelfu ya wanasayansi, na majarida yanayozipokea yana vipimo vikubwa.

Katika barabara hiyo hiyo, wilayani Mbozi, kipo kituo cha Mbimba cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI). Kazi yake ni kumsaidia mkulima wa kahawa aina ya arabika kupata miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ambayo yasipodhibitiwa humlazimu kutumia fedha nyingi kwa viuatilifu. Mche wa kahawa huhitaji takribani miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na kuthibitisha ustahimilivu wake huchukua muda mrefu zaidi, wakati kipimo cha majarida huangalia marejeo ya makala zilizochapishwa ndani ya miaka miwili tu iliyotangulia. Utafiti wa namna hiyo unaweza kubadilisha kipato cha kaya nyingi za Mbozi na Ileje, lakini ukabaki na marejeo machache.

Hali ni hiyo pia kwa mahindi. Machi 2021, Kenya ilizuia kwa muda mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Tukio hilo liliwakumbusha wakulima wa mikoa inayozalisha mahindi kwa wingi, Songwe ikiwemo, kwamba ukaushaji na uhifadhi wa nafaka ni suala la soko sawa na lilivyo suala la afya. Utafiti wa namna bora ya kuhifadhi mahindi katika mazingira ya Momba una wasomaji wachache nje ya nchi, na mara nyingi mahali pake panapofaa ni jarida la ndani, kama vile Tanzania Journal of Agricultural Sciences.

Hata hivyo, itakuwa makosa kuhitimisha kwamba kipimo cha marejeo hakifai. Bila kigezo kinachoweza kukaguliwa na mtu yeyote, tuzo ya umma ingeweza kutolewa kwa kujuana. Aidha, yapo majarida ya kitapeli ambayo humtoza mwandishi ada na kuchapisha makala bila kuipeleka kwa wataalamu wa fani husika ili waipitie. Sharti la jarida lenye hadhi huziba mwanya huo, na pia humsukuma mtafiti wa Kitanzania kushindana na wenzake wa dunia nzima.

Jumuiya ya wanasayansi yenyewe imekwishaonesha njia ya kati. Azimio la San Francisco, lililoandaliwa mwaka 2012, linahimiza taasisi kutotumia kipimo cha jarida kama mbadala wa kutathmini ubora wa makala au wa mtafiti mmoja mmoja. Tamko la Leiden la mwaka 2015 linataka takwimu ziambatane na tathmini ya wataalamu, na utafiti wenye umuhimu wa mahali husika ulindwe.

Kwa mantiki hiyo, tuzo ya milioni 50 inapaswa kueleweka kwa kile inachokipima, yaani uwezo wa sayansi ya Tanzania kusikika duniani. Manufaa ya utafiti kwa mwananchi yanahitaji kipimo kingine kinachokwenda sambamba na hicho: ni wakulima wangapi wamepanda miche mipya, ni magunia mangapi yamefika sokoni bila sumukuvu, ni wagonjwa wangapi wa kifua kikuu wamegunduliwa mapema na kumaliza dozi. Takwimu hizo haziwezi kukusanywa na kampuni ya nje inayohesabu marejeo. Hukusanywa na maafisa ugani, vyama vya ushirika, vituo vya afya na halmashauri.

Iwapo mizani itabaki na upande mmoja, mtafiti kijana atakayechagua kati ya kahawa ya Mbozi na mada inayopendwa na majarida ya ng'ambo atafuata palipo na tuzo, na hatastahili lawama. Pande zote mbili zikipimwa, wananchi wa Songwe watakuwa na uwezo wa kuuliza, kila orodha ya washindi inapotangazwa, utafiti husika umewafikia kwa kiasi gani.