Msiba Hauna Mgeni Rasmi

Kwetu Mabamba, huko Kibondo mpakani na Burundi, mtu akifiwa hapigiwi tarumbeta. Jirani mmoja huja na mzigo wa kuni, mwingine na ndoo ya maji, mwingine na kikapu cha maharage, na wanaume hushika majembe wakaenda kuchimba kaburi. Kijana anayejua kuandika vizuri hukalishwa chini ya mti na daftari, akaandika nani ametoa nini. Siku ya kuondoa matanga daftari hilo husomwa mbele ya watu wote, mapato na matumizi, hata ile sukari iliyobaki ikatajwa na aliyekabidhiwa akatajwa. Baada ya hapo ndipo watu hutawanyika.

Nimeanza na habari hii ndogo kwa sababu siku hizi yakitokea maafa mahali, mafuriko au tetemeko au njaa, jambo la kwanza linalotujia vichwani ni tamasha. Huitwa waimbaji mashuhuri, huchapishwa fulana, hukodiwa vipaza sauti na maturubai, kisha hutafutwa mgeni rasmi. Huyo mgeni rasmi ndiye hasa anayenihusu katika makala haya. Waimbaji nitawagusa kidogo tu, maana nami ni mtu wa mashairi, na haifai fundi wa nyungo kumcheka fundi wa mikeka.

Watu husema kwa uchungu kwamba siasa imeingilia matamasha ya misaada. Mimi nasema usemi huo una kosa ndani yake. Maafa mengi yana siasa tangu mwanzo. Nani alijenga wapi, nani aliruhusu, nani alipigana na nani, ghala lilikuwa na nafaka au halikuwa nayo: yote hayo ni mambo ya utawala. Kinachotokea jukwaani ni kwamba siasa ya namna hii, ile inayouliza, hufukuzwa mlangoni kwa hoja kwamba mwenye njaa hana chama. Kisha siasa ya namna nyingine, ile inayojisifu, hupitishwa dirishani na kupewa kiti cha mbele.

Nchi kubwa zilitutangulia katika jambo hili. Tarehe 1 Agosti 1971, mjini New York, George Harrison na Ravi Shankar walifanya maonyesho mawili kwa ajili ya watu wa Bangladesh. Watu hao walikuwa wamepigwa na kimbunga cha Novemba 1970, halafu na vita vya mwaka uliofuata, hata mamilioni wakakimbilia India. Shankar alikuwa mtu mwenye asili ya Bengali na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini serikali ya Marekani wakati huo ilikuwa upande wa Pakistan, ambayo jeshi lake ndilo lililowafukuza watu hao makwao. Wenye kununua tiketi walichangia blanketi, ilhali serikali yao ilikuwa ikimuunga mkono aliyechoma nyumba. Tena fedha zilizotokana na sahani za santuri zilikwama kwa miaka mingi katika mikono ya watoza kodi wa Marekani, kwa kuwa mambo ya msamaha wa kodi hayakutengenezwa mapema. Mtoto wa kambini hawezi kunywa risiti ya kodi.

Kisha ikaja Ethiopia. Njaa ya 1984 na 1985 iliamsha dunia. Bob Geldof, mwimbaji wa Ireland, aliwakusanya wenzake wakatoa wimbo mwishoni mwa 1984, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika maonyesho makubwa London na Philadelphia kwa siku moja. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 100. Yalinunuliwa malori, vikasafirishwa vyakula, na watu waliokuwa wafe hawakufa. Hilo sitalipunguza hata chembe. Nalikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo, na sisi tuliosikia habari ile redioni tuliona fahari kwamba dunia imetukumbuka. Baadaye tu ndipo nilipojua kwamba wimbo wenyewe, kwa jina lake, uliuliza kama watu wale walijua kwamba ni Krismasi. Na waliokuwa wakiulizwa hivyo ni watu wa nchi yenye Kanisa tangu karne ya nne, kabla Waingereza wengi hawajabatizwa.

Lakini jambo zito zaidi ni hili. Njaa ile haikuletwa na ukame peke yake. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa vitani na wapiganaji wa Tigrai na Eritrea, na vita vilifunga njia, vikachoma mashamba, vikavunja masoko. Mnamo Septemba 1984, wakati watu wakifa kaskazini, mji mkuu ulipambwa kusherehekea miaka kumi ya mapinduzi. Kisha mamia ya maelfu ya watu wa kaskazini wakahamishwa kupelekwa kusini-magharibi, wengi kwa nguvu, na wengi wakafa katika safari hizo na huko walikofikishwa. Madaktari wa Kifaransa wa shirika la Médecins Sans Frontières walipolisema jambo hilo hadharani, walifukuzwa nchini mwezi Desemba 1985. Waliobaki walinyamaza wapate kuendelea kugawa unga.

Najua jibu la walionyamaza, nalo si jibu la kijinga. Walisema: tukisema tutafukuzwa, na tukifukuzwa watoto watakufa. Ni vigumu kumshinda mtu mwenye hoja hiyo. Hata hivyo muimbaji aliyekuwa London hakuwa na hofu ya kufukuzwa Addis Ababa. Yeye angeweza kuwaambia mamilioni waliokuwa wakimtazama kwamba chakula hiki kinakwenda penye vita, na kwamba vita hivyo vina wenyewe. Watazamaji waliachwa waamini kwamba mvua ndiyo iliyokosea.

Miaka ishirini baadaye, tarehe 2 Julai 2005, yalifanyika maonyesho mengine ya namna hiyo, safari hii kushinikiza wakubwa wa nchi tajiri wafute madeni. Siasa ilitamkwa waziwazi, na kwa hilo nawasifu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizopata nafuu ya madeni yaliyofutwa baada ya hapo. Ila wanamuziki wengi wa Afrika hawakupewa jukwaa kuu la London. Walitengewa jukwaa lao huko Cornwall, mwisho kabisa wa kusini-magharibi mwa Uingereza. Aliyefiwa alikalishwa jikoni, mazishi yakaendelea sebuleni.

Sasa turudi nyumbani, maana kumcheka jirani ni kazi rahisi.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga Mkoa wa Kagera. Watu 17 walikufa, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa muda. Nchi nzima ilichangia. Makampuni yalitoa, mabalozi walitoa, wabunge mashabiki wa Simba na wenzao wa Yanga wakaingia uwanjani kucheza mpira wa kuchangisha. Watu walicheka, wakatoa. Januari 2017 Rais John Magufuli alipofika Kagera aliwaeleza wananchi kwamba serikali haitawajengea watu binafsi nyumba zao, na kwamba fedha zitatumika kurudisha shule, zahanati na majengo mengine ya umma. Inawezekana kabisa kwamba uamuzi huo ulikuwa wa busara: shule ni ya wengi, nyumba ni ya mmoja. Sigombani nao hapa. Ninalouliza ni kwa nini mchangiaji hakuelezwa tangu siku ya kwanza, alipokuwa na mkono mfukoni, kwamba bati hili ni la shule na si la nyumba ya bibi aliyeonyeshwa kwenye picha. Kwetu Mabamba daftari huanza na kichwa cha habari kinachosema mchango ni wa nini.

Tena hatukukosa mfano wetu wa kutoa kwa siasa iliyo wazi. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wananchi walitoa ng'ombe, nafaka na magari, na kila mtu alijua anatoa kwa nini na dhidi ya nani. Hapakuhitajika muimbaji wa kumficha Idi Amin.

Na uko mfano mwingine, wa kimya zaidi. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na askari waasi, na siku zilizofuata watu walianza kuvuka kuingia kwetu. Nilikuwa kijana, niko nyumbani kwa likizo. Walikuja na mikeka, na masufuria, na wazee wamebebwa mgongoni. Waha na Warundi husikilizana kwa lugha, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mkalimani wa kilio. Kabla kambi za Kibondo hazijawa majina ya kutangazwa redioni, watu walikwisha lala katika vibanda vyetu na kula mihogo yetu. Sisemi wanakijiji walikuwa malaika. Wapo waliowalimisha wageni mashamba kutwa nzima kwa ujira wa bakuli la unga, nami nawajua. Lakini hakuna aliyempa mkimbizi muhogo kisha akamtaka asimame apigwe picha akiushika.

Nakuja kwenye habari yangu mwenyewe. Niliwahi kufanya kazi katika mji mmoja ambao mto wake ulifurika usiku na kuchukua nyumba za bondeni. Likaandaliwa tamasha, nami nikiwa karani na mtunzi nikatakiwa kuandika shairi la kusomwa mbele ya meza kuu. Niliandika beti tisa. Ubeti wa saba ulikuwa huu:

Maji yafuata njia, yalopita tangu kale,
Nani aliyetwambia, tujenge bondeni mle?
Saini nani katia, kwenye hati zetu zile?
Leo yuatulilia, jukwaani yupo mbele.

Mkubwa wangu aliusoma, akavua miwani, akasema kwa upole kwamba shughuli ile ni ya huruma, si ya siasa. Niutoe. Kisha akaniomba niongeze beti mbili za kumpongeza mgeni rasmi, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta kura. Niliutoa ubeti, na hizo mbili nikaziongeza. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Siku yenyewe wanafunzi wa shule ya msingi walitolewa darasani tangu asubuhi, wakapangwa juani na vibendera, kwa kuwa mgeni alichelewa saa nne. Watu wa bondeni walikaa nyuma ya kamba. Ilionyeshwa hundi ya karatasi ngumu yenye ukubwa wa mlango. Gharama za jukwaa, chakula cha wageni, fulana na mafuta ya magari zilipoondolewa, kilichosalia hakikutosha kuezeka madarasa mawili, na hesabu yake haikusomwa popote.

Mwalimu unayesoma makala haya, yamkini nawe umewahi kuletewa barua ya kuomba kwaya. Sikushauri ukatae, najua barua hizo huandikwaje na hujibiwaje. Lakini unaweza kuuliza katika jibu lako mambo ambayo karani yeyote hawezi kukulaumu kwayo: shughuli itaanza saa ngapi hasa, watoto watakaa wapi, na hesabu itasomwa siku gani shuleni ili waliotoa senti zao waisikie. Nanyi wanafunzi mnaopenda kutunga, mkitakiwa kuandika wimbo wa maafa, nendeni kwanza mkawaulize waliopatwa yaliwapataje. Watawaambia habari za mvua, na mkikaa kidogo watawaambia habari nyingine.

Shairi langu la beti kumi bado limo katika jalada la ofisi ile, limepigwa taipu vizuri, na jina langu liko chini yake. Ubeti wa saba niliunakili nyuma ya daftari la rambirambi la msiba wa mama yangu, ukurasa unaofuata ule wa sukari iliyobaki.