Mtoto hakuulizwa: kurudi nyumbani na kijana wa miaka 15

Mwishoni mwa Agosti 2023 tulivuka mpaka kutoka Mpondwe kuingia Kasindi tukiwa na magodoro matatu, sufuria zetu na sanduku moja zito ambalo binti yangu hakukubali libebwe na mtu mwingine. Ndani yake mlikuwa na madaftari yake ya Senior One na Senior Two. Alidhani atayahitaji. Siku kumi baadaye aliwekwa katika darasa la saba, na madaftari yale yakawa hayana kazi.

Wengi wenu mnanijua. Nina miaka 41, ninakaa kwenye benchi la mbele, na mnaniita mama hata tunapofanya kazi ya kikundi. Kwa hiyo mtaniruhusu niseme kimama jambo ambalo kitivo cha lugha, kuliko kitivo kingine chochote, kingepaswa kulisikia: familia inayorudi na kijana ikichagua mahali pa kuishi, huwa inachagua lugha za kijana huyo. Na karibu kila mara inazichagua bila kujua, na bila kumuuliza.

Tuliishi Kampala miaka 12. Biashara yetu ya vitenge iliyumba wakati wa korona, na haikuinuka tena. Binti yangu alikuwa na miaka 3 tulipoondoka. Aliporudi alikuwa na 15. Ni binti wangu wa pili, kwa hiyo kwetu anaitwa Kavira. Kule Kasese jina hilohilo hutamkwa Biira, maana Wakonzo wa Uganda na sisi Wanande tulikuwa watu wa mlima mmoja kabla Wabelgiji na Waingereza hawajakubaliana mwaka 1910 mpaka upite wapi. Mkubwa wake alibaki Kampala na kazi yake. Huyu ndiye aliyekuwa wa kuhamishwa.

Swali la turudi wapi lilikuwa na majibu manne, na kila jibu lilikuwa na mtetezi wake.

Mama yangu alitaka Kasugho. Huko ndiko nilikozaliwa, huko ndiko shamba liliko, na huko ndiko yeye anakozeeka peke yake. Msidhani Kasugho ni kijiji kisicho na elimu. Kina chuo kikuu cha uhifadhi wa mazingira, kilichozaliwa pamoja na Hifadhi ya Tayna na gorila wake, na wasomi wamewahi kuifuata barabara yetu ya matope kutoka mbali. Hoja ya mama ilikuwa fupi: mtoto asiyejua Kinande hana kwao. Akaongeza ile methali tunayoijua sote: mwacha asili ni mtumwa.

Mume wangu alitaka Beni. Yeye sasa anaishi kwa barabara ya Kasindi, anasindikiza mizigo, na Beni ingempunguzia safari. Tena Beni ni mji wa watu waliochanganyika; Kiswahili kinasikika kila kona. Lakini tangu Oktoba 2014 hatujapata mwaka hata mmoja ambao wilaya ya Beni haikuzika watu waliouawa usiku. Mimi nilikataa, naye hakubisha sana.

Shemeji yangu alisema tusivuke kabisa: tubaki Bwera, upande wa Uganda. Nakiri kwamba kwa upande wa lugha jibu lake lilikuwa bora kuliko yote. Pale shule ni ya Kiingereza, sokoni ni Kikonzo ambacho Mnande anakielewa bila mkalimani, na mtoto angeendelea na Senior Two yake kama kawaida. Lakini usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, palepale Mpondwe, ilishambuliwa, na wanafunzi zaidi ya 30 waliuawa, wengine ndani ya bweni lililochomwa moto. Baada ya usiku huo hakuna mzazi aliyeniambia tena kwamba upande ule una usalama na huu hauna.

Mimi nilitaka Butembo. Nilisema ni kwa ajili ya shule za mtoto, na ilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba chuo hiki kiko hapa, nami nilikuwa nimengoja miaka 20 kukiingia. Mwandishi wa maoni akificha faida yake anadanganya, kwa hiyo naiweka mezani.

Hayo ndiyo majibu manne. Mtu wa tano, ambaye maisha yake yangebadilika kuliko ya mwingine yeyote, alikuwa chumba cha pili akisikiliza. Hatukumuuliza. Nilijitetea moyoni kwamba mtoto atazoea tu. Ndiyo methali halisi ya wazazi wanaohama, ingawa haimo kitabuni.

Mtoto wa miaka 6 huzoea, kweli. Hujifunza lugha akicheza mpira wa matambara, anakosea, wenzake wanacheka, kesho amesahau. Tena katika madarasa ya kwanza mwalimu hutumia Kiswahili, na hakuna aliyempita mwenzake sana. Kijana wa miaka 15 ni mtu mwingine. Anaingia shuleni ambako Kifaransa ni lugha ya hesabu, ya biolojia, ya adhabu, na mwisho ya Mtihani wa Taifa. Wenzake wamekijenga miaka minane. Na akikosea wakacheka, hasahau, ananyamaza.

Wangu alinyamaza. Shule aliyoiendea ilimpa imla na maswali ya hesabu yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Imla aliipata sifuri. Hesabu aliziacha tupu, kwa sababu hakuelewa alichoulizwa; nilipomtafsiria maswali yale jioni mezani, alikosa moja tu. Prefe aliniambia kwa upole kwamba hana namna nyingine. Kwa mujibu wa miaka, mtoto aliyemaliza miaka saba ya msingi na Senior One alikuwa amefikisha miaka minane, sawasawa na kumaliza elimu yetu ya msingi, na alistahili mwaka wa kwanza wa humanite. Akarudishwa nyuma madarasa mawili, akakaa na watoto wa miaka 12. Huyu ni mtoto ambaye serikali ya Uganda ilikuwa imemfungia shule karibu miaka miwili, hadi tarehe 10 Januari 2022. Muda uliopotea kule alikuwa ameanza kuufidia. Sasa akaambiwa aanze kupoteza mwingine.

Simlaumu prefe yule. Nalaumu kipimo. Tulipima lugha, tukaandika kwenye buleti kwamba tumepima akili. Mwalimu wa lugha ndiye wa kwanza anayepaswa kukataa kosa hilo, maana ni kosa ndani ya fani yake. Mtoto asiyejua neno *reste* hatukusema hajui kutoa. Hatukujua kama anajua.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mepesi. Kampala tulimsemesha Kinande, akatujibu kwa Luganda au Kiingereza, nasi tukaridhika kwamba anasikia. Kusikia si kusema. Kinande kina irabu saba zinazofuatana ndani ya neno kwa kanuni zake. Ngessimo Mutaka na wanaisimu wengine wamezieleza vizuri, na wanafunzi wa nchi za mbali wanazisoma darasani. Binti yangu alizipunguza zikawa tano. Kwenye bomba la maji wasichana wa mtaa walirudia maneno yake kwa sauti yake. Akaacha kwenda kuteka maji mchana. Akawa anaenda alfajiri, peke yake. Mnaoujua mji huu mnajua kwa nini mama hawezi kulala mtoto wake akiwa nje alfajiri.

Ndipo nikamuuliza, miezi mitatu baada ya kumleta, swali nililopaswa kumuuliza Kampala. Kama ungechagua wewe, ungechagua wapi? Nilidhani atasema Kampala. Hakusema mji wowote. Alisema, "Mahali ambapo naweza kufanya mzaha." Kisha akaeleza: hapa naweza kuomba chumvi, naweza kusalimia, naweza kusema nina homa. Lakini siwezi kumchekesha mtu. Kwa hiyo hakuna anayenijua.

Nimesoma vitabu kadhaa vya isimujamii tangu niingie kitivo hiki. Sijakutana na maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu maana ya kuwa na lugha.

Basi je, Butembo lilikuwa jibu baya? Nasema hapana, na hapa ninatofautiana na mama yangu, pamoja na heshima zote. Kasugho ingempa binti yangu lugha moja kwa ukamilifu, yaani Kinande, na darasani Kifaransa kilekile kilichomshinda huku. Kiingereza chake kingekufa, maana hakuna wa kukitumia. Mji wenye lugha nyingi una kitu ambacho kijiji chenye lugha moja hakina: mtoto akishindwa na lugha moja, anaweza kushika nyingine asizame. Hapa Butembo wafanyabiashara wananunua bidhaa Kampala, Dubai na China. Jirani yetu, mama mwenye duka la vifaa vya umeme, alisikia Kavira akizungumza na dada yake kwenye simu. Akamleta karatasi za mzigo zilizoandikwa kwa Kiingereza. Siku hizi binti yangu hupita dukani Jumamosi, anasoma karatasi, anaandika jumbe, analipwa kidogo. Kiswahili alikijifunza pale, kwa wateja, kabla ya kukijifunza kwa mwalimu yeyote. Na ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akimtania mpagazi kuhusu mkokoteni wake, mpagazi akacheka.

Sisemi kwamba tumefika. Kifaransa chake bado ni cha kubabaisha. Mwaka huu amerushwa darasa moja, lingine bado tunalidai. Likizo alikwenda Kasugho kwa bibi yake majuma matatu, akarudi na irabu mbili zaidi na malalamiko mengi. Bibi naye ananilaumu mpaka leo, na kuhusu upweke wake sina jibu. Mzazi anayerudi na kijana huku mama yake anazeeka kijijini atamkosea mmoja wao. Mimi nimemkosea mama yangu, najua.

Lakini jambo hili si la nyumba yangu peke yake. Tangu Kanyabayonga ilipotekwa mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi kutoka kusini mwa Lubero zimepanda kaskazini na vijana wao. Wengine wanarudi kutoka makambi ya wakimbizi ya Uganda, ambako watoto wamesoma kwa Kiingereza. Nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mpaka utavukwa zaidi. Watakuja akina Kavira wengi, wakiwa na madaftari ambayo hakuna mwalimu atakayeyafungua.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na naanza na sisi wenyewe.

La kwanza, kitivo chetu kifungue darasa la Kifaransa la mwezi Agosti kwa vijana wanaorudi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya vitendo, hapa ndipo. Wiki nne hazimfanyi mtoto kuwa msemaji, lakini zinatosha kumfundisha maneno ya hesabu na namna maswali yanavyoulizwa. Madarasa yetu huwa matupu mwezi huo. Chaki tunazo.

La pili, tuziombe shule zimpime mgeni mara mbili: mara moja kwa Kifaransa, ili zijue Kifaransa chake, na mara moja kwa lugha aliyosomea, ili zijue akili yake. Tafsiri ya mtihani wa hesabu wa kurasa mbili ni kazi ya jioni moja kwa mwanafunzi yeyote wa idara ya Kiingereza. Mimi niko tayari kutafsiri wa kwanza.

La tatu ni kwa wazazi. Kabla hamjapanga gari, kaeni na kijana wenu. Mwambieni ukweli kuhusu usalama na fedha. Hayo mawili hataamua yeye, na si haki kumbebesha. Lakini lugha mwachieni aseme. Muulizeni ni lugha gani anaweza kuchekea, kisha tafuteni mtaa na shule ambako lugha hiyo ina angalau mtu mmoja wa kuzungumza naye. Sisi tulimpata mtu huyo kwa bahati, dukani. Hatukumtafuta.

Madaftari ya Senior Two bado yako chini ya kitanda. Wiki iliyopita nilimwambia Kavira tuyauze kwa muuza karanga afungie karanga zake. Alikataa. Alisema ataendelea kuyaweka mpaka shule imrudishie lile darasa la pili.